Msitu wa kijiji, WMA au hifadhi hai ya UNESCO? Ulinganisho kwa vijiji vya Kanda ya Kati

Hifadhi hai (kwa Kiingereza "biosphere reserve"), yaani eneo linaloorodheshwa na UNESCO ili watu na maliasili viishi pamoja, haina askari wake, haina sheria yake iliyopitishwa na Bunge, wala haina kibali inachokitoa. Halmashauri na vijiji vya Dodoma na Singida vinapaswa kulijua hilo kabla ya kuandika barua ya kuomba pori lao liingie kwenye orodha ya UNESCO. Mtu akikamatwa na magunia ya mkaa ndani ya hifadhi hai, atashtakiwa kwa Sheria ya Misitu, kwa Sheria ya Wanyamapori au kwa sheria ndogo ya kijiji. Hakuna hakimu wa Kondoa wala wa Manyoni atakayepokea shauri lenye kifungu cha UNESCO.

Ndiyo maana swali la "tuchague hifadhi hai au msitu wa kijiji?" lina kasoro tangu linapoulizwa. Hifadhi hai ni paa la tembe: udongo wote ule wa juu unabebwa na nguzo, na ukiutandaza kabla nguzo hazijasimama unawaangukia waliomo ndani. Swali lenye faida ni nguzo zipi zisimamishwe, wapi, na kwa mpangilio gani. Chaguo zilizopo ni hizi.

| Aina | Ardhi ni ya nani | Kinacholinda | Mifugo | Mapato |
|---|---|---|---|---|
| Msitu wa hifadhi wa kijiji | Kijiji | Sheria ya Misitu ya 2002 na sheria ndogo | Kijiji kinapanga | Yanabaki kijijini |
| Usimamizi wa pamoja | Serikali kuu au halmashauri | Sheria ya Misitu na hati ya makubaliano | Kwa kibali cha mwenye msitu | Mgawo wa makubaliano |
| WMA (Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori) | Vijiji kadhaa | Sheria ya Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake | Kwa kanda zilizopangwa | Mgawo wa kikanuni |
| Hifadhi ya mazingira asilia, pori la akiba | Serikali kuu | Tangazo la Serikali | Hapana | Serikali |
| Milaga au ngitili (malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi) | Kaya, ukoo au kitongoji | Mila na sheria ndogo | Ndiyo, kiangazi | Mwenye eneo |
| Hifadhi hai | Mchanganyiko wa hizo zote | Haina ya kwake | Hutegemea ukanda | Haina ya kwake |

Hifadhi hai inadai nini

Programu ya Binadamu na Hifadhi Hai ilianzishwa na UNESCO mwaka 1971, na maeneo ya kwanza yalitangazwa 1976. Masharti yanayotumika sasa yalipitishwa 1995. Tanzania ina maeneo matano: Ziwa Manyara na Serengeti-Ngorongoro, yote ya 1981, Usambara Mashariki ya 2000, Jozani-Ghuba ya Chwaka ya 2016 na Gombe-Masito-Ugalla ya 2018. Dodoma na Singida hazina hata moja. Tazama viini vya hayo yaliyopo. Manyara imesimama juu ya hifadhi ya taifa, Jozani vilevile, na Usambara Mashariki ina Amani, ambayo ilishatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Hakuna iliyoanza na pori lisilo na mwenyewe.

Masharti yanataka kanda tatu. Kiini ni eneo lililolindwa kisheria kwa muda mrefu, na hapo ndipo waombaji wengi hukwama. Ukanda wa kinga lazima ukizunguke kiini au upakane nacho, na shughuli zake zisikidhuru: ufugaji nyuki, utafiti, uokotaji wa kuni kavu. Ukanda wa mpito ndio wenye vijiji, mashamba, minada na barabara. Watu hawahamishwi kwa sababu ya ukanda wa mpito. Kusudi lake ni wao waendelee kuishi na kuzalisha humo kwa namna isiyomaliza ardhi.

Maombi yanapitia Kamati ya Taifa ya programu hiyo, ambayo shughuli zake huratibiwa na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Fomu inataka ramani yenye hekta za kila ukanda, idadi ya watu wa kila ukanda, orodha ya mimea na wanyama, mpango wa usimamizi, chombo cha uratibu, na saini za kila mwenye mamlaka juu ya kila kipande. Saini ndizo zinazokula muda. Eneo lenye vijiji kumi, halmashauri mbili, TFS (wakala wa misitu wa serikali) na TAWA (mamlaka ya wanyamapori) lina wasaini wasiopungua kumi na wanne, na kila mmoja ana vikao vyake. Maombi yanapaswa kufika UNESCO kabla ya tarehe 30 Septemba; kamati ya ushauri huyapitia, na baraza la kimataifa la programu huamua mwaka unaofuata. Baada ya hapo taarifa ya mapitio hudaiwa kila baada ya miaka 10.

Faida zipo. Watafiti huja, mashirika huona ramani moja badala ya vijiji kumi vilivyotawanyika, na asali ya eneo hupata jina la kuuzia. Lakini hakuna fungu la kila mwaka linaloshuka kutoka makao makuu ya UNESCO, Paris. Kinachoharibika mara nyingi ni uratibu. Mratibu anaandikwa kwenye fomu kama afisa wa halmashauri mwenye kazi nyingine tano, anahamishwa, na faili linabaki kabatini mpaka mwaka wa mapitio. Kosa la pili ni ramani inayochorwa mjini: ukanda wa mpito unapita juu ya kitongoji ambacho hakikuitwa kwenye mkutano wowote, watu wanaona kibao chenye nembo kimesimikwa, na kuanzia hapo kila mpima ardhi anayekuja anaonekana mnyang'anyi.

Msitu wa hifadhi wa kijiji

Hapa ndipo tunaposhauri vijiji vingi vya kanda hii vianzie, na tunalichambua kwa urefu kwa sababu hiyo. Kanda hii na jirani zake ndizo zilizoonyesha njia. Duru-Haitemba ya Babati na Mgori ya Singida zilianza kusimamiwa na vijiji katikati ya miaka ya 1990, kabla ya Sheria ya Misitu ya 2002 kuwepo. SULEDO ya Kiteto, yenye vijiji tisa, ilipata Tuzo ya Equator mwaka 2002.

Kazi inaanzia kwenye ardhi, miti inafuata. Kijiji kiwe kimepimwa mpaka wake, kiwe na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi uliopita kwenye Mkutano Mkuu. Msitu uliotengwa kabla ya mpango huo utagombaniwa na malisho mwaka wa kwanza wa ukame. Hati ya mpaka isainiwe na viongozi wa pande zote mbili, wenu na jirani yenu. Saini ya upande mmoja ni karatasi tu.

Kisha Mkutano Mkuu unachagua Kamati ya Maliasili. Wajumbe watoke kila kitongoji, na vitongoji vinavyopakana na msitu vipate zaidi. Wanawake wasiwe wa kujaza nafasi: wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi na mlenda wa porini unachumwa wapi. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mwenyekiti wa kamati, kwa sababu serikali ya kijiji ndiyo itakayoikagua.

Mpaka wa msitu unatembewa kwa miguu. Chukua msitu wa hekta 2,000. Ukiwa wa mraba, kila upande ni karibu kilomita nne na nusu, na mzunguko wote ni kama kilomita 18. Misitu halisi si mraba, hivyo panga kilomita 22 hadi 25, ambayo ni kazi ya siku tatu hadi nne kwa watu wanane wenye mapanga. Wazee wawili kutoka kila upande wanatangulia, mwenye GPS anafuata, mwenye rangi anafunga msafara. Alama ya rangi nyekundu inapigwa kwenye miti mikubwa upande unaotazama nje, kimo cha kifua, kwa umbali ambao ukisimama kwenye alama moja unaiona inayofuata. Kwenye miombo iliyo wazi huo ni kama mita 40. Kwenye vichaka ni 15. Kila kona na kila njia ya ng'ombe inayovuka mpaka hupata bikoni au kibao. Msipige rangi kwenye mbuyu ulio peke yake shambani eti kwa sababu unaonekana vizuri: ule mbuyu una mwenyewe.

Tathmini ya rasilimali ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa kisingizio kwamba "msitu tunaujua". Viwanja vya sampuli hupangwa kwenye mistari iliyonyooka kutoka mpaka hadi mpaka, vikiwa na umbali sawa kati yake, ili mtu asichague penye miti mizuri. Tathmini ya taifa, NAFORMA, ilitumia viwanja vya duara ndani ya duara, na utaratibu huo unafaa hata kijijini. Ndani ya mita 1 kutoka katikati hupimwa miti yenye kipenyo kuanzia sentimita 1, ndani ya mita 5 kuanzia sentimita 5, ndani ya mita 10 kuanzia sentimita 10, na ndani ya mita 15 kuanzia sentimita 20. Duara la mita 15 lina mita za mraba 707, yaani kiwanja kimoja ni takriban asilimia 7 ya hekta. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Ukifika kwenye mpingo uliogawanyika chini ya kimo hicho, kama ilivyo mipingo mingi ya huku, kila shina huhesabiwa mti wake. Ukigawanyika juu ya hapo, ni mti mmoja. Timu mbili zisipokubaliana kwenye jambo hili dogo, hesabu ya mpingo ya msitu mzima inaweza kutofautiana maradufu.

Kutokana na tathmini hiyo kijiji huandika mpango wa usimamizi, kwa kawaida wa miaka mitano. Gawanyeni msitu kwa kazi. Vyanzo vya maji na miteremko haviguswi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo. Kuna sehemu ya mizinga, sehemu ya kuni na nguzo, na ikiwa tathmini inaruhusu, sehemu ya kuvuna mbao au mkaa kwa mzunguko. Mpango pamoja na sheria ndogo hupita Mkutano Mkuu, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Baada ya miaka mitatu ya usimamizi unaoonekana, kijiji kinaweza kuomba msitu utangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na hapo kinga yake huwa nzito zaidi.

Mambo yanayoangusha misitu ya vijiji tunayaandika kwa uzito wake, si kwa mpangilio. La kwanza ni muhtasari. Mkutano Mkuu unafanyika, watu wanakubali, lakini orodha ya mahudhurio haina saini au haifikishi akidi. Miaka miwili baadaye mkata mkaa anaweka wakili, wakili anaomba muhtasari, na kesi inafia hapo. La pili ni sheria ndogo ambazo kijiji kilianza kuzitumia kabla hazijapita kwa madiwani: faini zote zilizotozwa ni haramu na zinaweza kudaiwa. La tatu ni mpango uliokwisha muda. Mwaka wa sita unafika, hakuna aliyehuisha, mnunuzi wa mbao anakuja na fedha mkononi, na afisa misitu wa wilaya hawezi kutoa hati ya kusafirishia. La nne ni fedha za kamati kukaa mfukoni kwa mhazini. Mapato ya msitu yasomwe kwenye kila Mkutano Mkuu pamoja na stakabadhi, hata kama ni shilingi elfu ishirini.

Na doria zina gharama. Tuseme mgambo sita wanatoka mara mbili kwa wiki, na kila mmoja anapewa posho ya shilingi 10,000 kwa siku. Hiyo ni 120,000 kwa wiki na zaidi ya milioni 6.2 kwa mwaka, bado buti, tochi na mafuta ya pikipiki. Msitu usioingiza kiasi hicho utalindwa kwa kujitolea, na kujitolea huku kwetu hukoma kilimo kinapoanza Novemba, wakati uleule watu wanapofungua mashamba mapya ya ufuta na alizeti. Kwa hiyo fanyeni doria chache miezi mingine na nyingi kati ya Septemba na Desemba, badala ya kuzigawa sawa mwaka mzima.

Moto, kwa kuwa unahusu aina zote

Mvua za Dodoma hukoma Aprili, na nyasi zinaanza kukauka Juni. Moto wa Mei mwishoni au Juni mwanzoni hupita chini, huacha vipande visivyoungua, na miche mingi hupona. Moto wa Septemba au Oktoba hupanda, huua miche na kuunguza mizinga. Mkingamoto uwe na upana wa mita 5 hadi 10 na ulimwe mara mbili, Mei na tena Agosti, kwa sababu nyasi zinazoanguka baada ya mara ya kwanza zinatosha kuuvusha moto. Wachomaji wakubwa ni watatu: mrina asali anayetumia mwenge, mwindaji, na mkulima anayesafisha shamba Oktoba bila kumwambia jirani. Wa kwanza anamalizwa na bomba la moshi na vazi la kurinia, ambavyo ni nafuu kuliko doria ya mwezi mmoja.

Usimamizi wa pamoja

Huu ni wa vijiji vinavyopakana na msitu ambao tayari ni wa serikali kuu au halmashauri, kama Isabe na Salanga kwenye vilima vya Kondoa. Kijiji hakipati umiliki. Kinasaini makubaliano ya kulinda, na kinapewa haki zilizoandikwa humo: kuni kavu, dawa, mizinga, sehemu ya faini. Udhaifu wake ni wa wazi: misitu hii mingi ni ya kulinda maji, haivunwi, kwa hiyo cha kugawana ni kidogo huku doria zikiwa zilezile. Kubalini ikiwa maji ya kijiji yanatoka humo. La sivyo, dai mgawo uandikwe kwa asilimia kwenye hati yenyewe kabla ya saini, kwa sababu maneno ya "tutaangalia baadaye" hayana mlango wa kuyadaia.

WMA

Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori zilianza kwa majaribio mwaka 2003. Zilizo karibu nasi ni Burunge ya Babati na Makame ya Kiteto. Masharti ni mengi kuliko ya msitu wa kijiji. Kila kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, vijiji viunde jumuiya yenye katiba na usajili, mpango wa kanda za rasilimali uandaliwe, kisha jumuiya iombe kuidhinishwa na kupewa haki ya matumizi. Ndipo mwekezaji wa utalii wa picha au uwindaji anapoingia.

Neno "ndipo" ndilo zito. Bila wanyama wa kutosha na mwekezaji, WMA ni kamati yenye katiba. Burunge iko kati ya Tarangire na Manyara, kwenye njia ya watalii wa Arusha. Kijiji cha Chemba au Ikungi hakina bahati hiyo, na kukiahidi hoteli ya kitalii ni kukidanganya. Kanuni zinataka angalau nusu ya pato la jumuiya iende vijijini, ila fedha huzunguka kwanza, na vijiji hulalamikia kuchelewa. Kumbukeni pia kuwa mkifanikiwa kurudisha tembo, tembo watarudi mashambani. Kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa vipo kisheria, lakini si fidia ya hasara nzima, na hulipwa baada ya msimu wa njaa kupita. Wekeni gharama hiyo kwenye mizani kabla, isije ikawa jambo la kushangaa baadaye.

Kuikabidhi serikali

Ardhi ya kijiji kuwa hifadhi ya serikali kuu hupitia uhaulishaji, yaani kuihamisha kisheria isiwe tena ardhi ya kijiji. Tangazo linatolewa, siku 90 zinapita, Mkutano Mkuu unasikilizwa, fidia inajadiliwa. Ulinzi wake ni imara kuliko wote, lakini mlango huo ni wa kutoka tu. Usitumike kwa sababu kijiji kimechoka na doria.

Mifugo: jaribio ambalo wengi hulisahau

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi haraka, na anayepita Kolo leo akiona vilima vya kijani aelewe kuwa makorongo yale yalikuwa wekundu mtupu. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walipelekwa maeneo jirani, na mzigo ukaenda nao. Mwaka 1989 ufugaji wa ndani kwa kulisha zizini uliruhusiwa, kwa ng'ombe wachache wa maziwa.

Funzo kwa anayechagua aina ya hifadhi ni la kimahesabu. Uliza ng'ombe waliopo leo kwenye pori hilo watakula wapi Oktoba ijayo. Kama jibu ni "kwa jirani", hujahifadhi, umehamisha. Hapa ndipo milaga ya Wagogo na ngitili ya Wasukuma zinapopita mipango mingi ya kitaalamu. Kipande kinafungwa mvua zinapoanza, nyasi zinakua bila kuguswa, na kinafunguliwa kiangazi kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa plau. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulijengwa juu ya mila hiyo na miti ikarudi kwa wingi kutokana na visiki. Milaga haihitaji Gazeti la Serikali. Inahitaji mpaka unaojulikana, tarehe ya kufungua, na sheria ndogo inayombana mwenye ng'ombe mia sawa na mwenye mbuzi watatu. Huharibika pale mwenye nguvu anapofungua Julai kimyakimya. Wengine wote hufungua wiki ileile.

Maeneo matatu, majibu matatu

Vichaka vya Itigi, Manyoni. Huu ni uoto wa aina yake: vichaka vilivyoshonana vya mita tatu hadi tano, juu ya mchanga wenye tabaka gumu chini, na unapatikana zaidi hapa na kaskazini mwa Zambia. Mimea kama Burttia prunoides na Pseudoprosopis fischeri haijulikani na wauza mbao, na tathmini ya mbao itaandika kuwa msitu hauna thamani. Kosa hapo ni la kipimo. Duara la mita 15 halipimiki humo bila kufyeka njia. Tumieni viwanja vidogo na hesabuni mashina, maua na msimu wake, kwa maana fedha ya Itigi ni asali. Kichaka kilichokatwa kwa panga huchipua. Kilichong'olewa mizizi kwa trekta huchukua miaka mingi kurudi, kama kitarudi. Moto hauingii sana kwenye vichaka vilivyofunga kwa kuwa chini hakuna nyasi, ila kila shamba linalofunguliwa kandokando linaleta nyasi, na nyasi zinaleta moto ndani.

Kama kuna mahali Kanda ya Kati ambapo hifadhi hai ina mantiki, ni hapa. Ipo Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, na kusini yapo mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa. Mashamba ya korosho na alizeti yanakaa kwenye ukanda wa mpito bila ugomvi. Kinachokosekana ni ukanda wa kinga, na huo hautoki NEMC wala UNESCO. Ni misitu ya vijiji, kimoja baada ya kingine, yenye mizinga na sheria ndogo. Bila hiyo ramani itakuwa na kiini na mashamba, na katikati ni hewa.

Vilima vya Kondoa. Misitu ya juu ni ya serikali tayari, michoro ya miambani ya Kolo imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na chini watu wamebanana. Hapa msitumie nguvu kubwa kutafuta ardhi mpya. Usimamizi wa pamoja juu, milaga na visiki vilivyopogolewa chini, mita 60 za vyanzo zikilindwa kwa dhati. Nembo ya pili ya kimataifa haitaongeza chochote ambacho ya kwanza haijakifanya.

Vijiji vinavyopakana na Swagaswaga, Chemba. Pori la akiba tayari ni kiini chenye askari. Kinachowauma wanavijiji ni kukosa nafasi kati ya mpaka wa pori na mashamba. Msitu wa kijiji wa ukanda mrefu mwembamba kandokando ya pori unasaidia kuliko wa mviringo ulio mbali, hata ukiwa na hekta chache, maana mizinga iliyotundikwa kwenye ukanda huo ni kinga dhidi ya tembo na ni chanzo cha mapato. WMA isubiri mpaka aonekane mwekezaji aliyeweka maandishi.

Na mkaa wa jiji usisahauliwe. Tangu Serikali ihamie na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, magunia yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Kijiji kilicho kando ya barabara ya lami, hata kikiwa na msitu mdogo, kiweke kizuizi na utaratibu wa mkaa halali wa mzunguko kabla ya kuota aina yoyote ya hifadhi. Marufuku tupu yanahamishia kazi usiku.

Mkishaamua, karatasi ya kwanza kuiomba ni Cheti cha Ardhi ya Kijiji, ya pili ni hati za mipaka na kila jirani. Kama moja inakosekana, iteni wazee wa pande zote na mtembee mpaka huo kati ya Julai na Oktoba. Baada ya hapo tope la mbuga litalizuia gari, na wazee wenyewe watakuwa shambani.